Shangazi, Uvumi wa Kupunguzwa Kazi Umetanda Kiwandani

Swali: Shikamoo shangazi. Nashona sare katika kiwanda kimoja Morogoro, huu mwaka wa saba. Tangu cherehani za upande wetu zihamishwe usiku, watu wananong'ona kwamba tutapunguzwa. Meneja kabandika tangazo: atakayeeneza uvumi atafukuzwa. Sasa hata chai tunakunywa kimya. Nifanyeje?
*Mshona Kola*

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo meneja kabandika vitisho mahali pa kubandika jibu. Cherehani zimeenda matengenezo au zimeuzwa? Angesema hilo tu, minong'ono ingepungua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama chenu juu ya namna ya kuepusha hilo na vigezo vya nani aondoke. Basi acheni kuulizana chooni. Mwakilishi wa tawi aandike barua ya kuomba kikao, abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Mhuri, mwanangu! Wakubwa wana usahaulifu wa ajabu kwa barua zisizo na mhuri.

Wewe tafuta mkataba wako na hati za mshahara. Ukipunguzwa, kiinua mgongo hakishuki chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Kwako miaka 6, yaani siku 42. Ukiona umeonewa, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.