Kiki nzito ikiwa peke yake, nyembamba ndani ya biti

Mkuu, umesema kiki (ngoma nzito ya chini) ileile ukiijaribu peke yake kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, inapiga hadi kifuani, ila ukiiweka kwenye biti yenye besi inakuwa nyembamba. Usiitupe hiyo sampuli (sauti ya kiki iliyorekodiwa), ni nzima kabisa.

Anza na chaneli ya masta kwenye mikisa, yaani ile ambayo sauti zote hupitia mwisho. Mradi mpya wa FL kwa kawaida huja na Fruity Limiter pale, yaani limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango fulani. Kiki na besi zikigonga kwa pamoja, limita inazibana zote mbili, na kinachopotea kwanza ni lile pigo la mwanzo la kiki. Izime, shusha kila chaneli hadi masta isifike 0 dB (kikomo cha juu cha sauti), kisha cheza tena.

Kama tatizo bado lipo, je, umerundika kiki mbili zipige kwa pamoja? Mawimbi yakipingana, moja likipanda lingine linashuka, sauti za chini zinafutana. Mimi hili lilinisumbua wiki nzima, naongeza besi kwa EQ (kirekebisha sauti za chini na za juu) bila faida yoyote. Nilipovuta picha ya wimbi karibu kabisa ndipo nikaona kiki ya pili inaanza kwa kushuka badala ya kupanda. Nikageuza polariti yake tu, yaani nikalipindua wimbi lake juu chini, uzito ukarudi papo hapo.

Halafu noti mpya za FL huingia na velositi (nguvu ya kupigwa kwa noti) ya 78%, si 100%. Zisawazishe kwanza kabla ya kulinganisha, maana sikio huiona sauti kubwa kuwa ndiyo nzuri.