Muulize Maalim: Mtetemo unaokufa juu ya shaba na kuishi juu ya chumvi

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Wete, na baba yangu ana shamba la chumvi. Tumesoma kwamba molekuli ya kaboni monoksidi iliyonata juu ya shaba ikitiwa mtetemo, mtetemo ule unakwisha kwa pikosekunde 2 tu. Juu ya chumvi unadumu milisekunde 4 na kidogo. Wenzangu wanasema ni kwa sababu shaba inapitisha joto vizuri. Mimi sikuridhika. Je, wao wamepata? Na muda mdogo kiasi hicho unapimwaje?
Binti wa shamba la chumvi, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kutoridhika. Jibu la wenzako hata mimi niliwahi kuliamini, na silo.

Kwanza tuutazame upana wa tofauti yenyewe. Milisekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara elfu 1; pikosekunde ni sekunde hiyo iliyogawanywa mara trilioni 1. Muda wa shaba tukiufanya sekunde 1, wa chumvi utafika miaka 68 hivi. Mtoto azaliwe, asome, azae, astaafu, na molekuli ile bado inatetemeka!

Sasa hilo la joto. Joto kusafiri ndani ya shaba ni jambo la baadaye. Wewe umeuliza habari ya mlangoni: nishati inatokaje kwenye molekuli ikaingia shabani? Kaboni na oksijeni zinavutana na kuachana mara trilioni 62 hivi kwa sekunde. Atomi za shaba zenyewe, hata zikitetemeka kwa kasi yao yote, hufika kama trilioni 7 tu. Za chumvi nazo hazipiti trilioni 8 hivi. Basi kwa upande wa atomi, shaba na chumvi hali yao moja: zote mbili ni nzito mno kuufuata mtetemo ule. Kama kazi ingekuwa ya atomi peke yake, juu ya shaba nako mtetemo ungedumu sana.

Ninao upatu wa marehemu bibi yangu wa Chake Chake, uliokuwa ukipigwa harusini. Jana baada ya alasiri niliufunga uzi, nikauning'iniza mlango wa uani, nikaugonga kwa kijiti. Nilihesabu hadi ishirini na bado unavuma. Uzi ulikuwa ukiyumba taratibu, huku na huku, wala haukuwa na habari na ule mtetemo wa haraka. Nikaugonga tena, na papo hapo nikatia ukingo wake katika ndoo ya maji. Sauti ikakatika. Lakini maji sasa! Yalijaa vijikunjo vyembamba, vikitoka pale ukingoni na kukimbilia pembeni mwa ndoo.

Uzi ule ndiyo chumvi, na maji yale ndiyo shaba. Ndani ya metali zimo elektroni zisizofungwa na atomi yoyote. Hizo hupokea nishati kwa kiasi chochote, kidogo au kikubwa, na ni nyepesi, hazisumbuliwi na haraka ya molekuli. Kila kaboni na oksijeni zinapoachana, molekuli inakuwa tayari zaidi kuzipokea elektroni za shaba, nazo zinaingia kidogo, zinaporudiana, zinatoka. Ila haziendi sambamba kabisa na mtetemo, huchelewa kidogo. Kuchelewa huko ndiko msuguano unaoila nishati. Baada ya mitetemo kama 125, kwa wastani, imekwisha. Katika chumvi kila elektroni imeshikwa na mwenyewe. Kuing'oa kunataka nishati mara 30 hivi ya ile iliyomo katika mtetemo wa molekuli yetu.

Kuhusu kupima: kipimo cha shaba kilifanywa na Charles Harris na wenzake, Berkeley, Marekani, wakakichapisha mwaka 1992. Hakuna saa wala waya wa umeme unaoweza kuwahi pikosekunde, kwa hiyo kinachotumika ni urefu wa njia. Mwanga katika pikosekunde 1 hutembea milimita 0.3, unene wa karatasi tatu za daftari. Mmweko mmoja wa leza unakwenda kuitetemesha molekuli. Mwengine unazungushwa kwenye vioo, ufike baadaye uangalie kilichobaki. Kioo ukikirudisha nyuma milimita 0.15, mwanga unakwenda na kurudi, umechelewa pikosekunde 1. Unasogeza, unapima, unasogeza tena. Mimi naona hii ni hila nzuri kupita zote katika fizikia.

Kwa chumvi, Chang na Ewing wa Indiana, mwaka 1990, hawakuhitaji hila hiyo. Waliipoza chumvi hadi kama digrii 250 chini ya sifuri, wakaitetemesha molekuli kwa leza, kisha wakaungoja mwanga hafifu wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaotolewa na molekuli zenyewe, wakauona ukififia.

Na kama wenzako bado wanabisha, wape kisa cha dhahabu. Mwaka 2000 Alec Wodtke na wenzake walizirusha molekuli za naitriki oksidi, zilizopandishwa hadi ngazi ya 15 ya mtetemo (nishati ya mtetemo hupanda kwa ngazi), zikagonga dhahabu na kuruka. Nyingi zilishuka ngazi kadhaa kwa mgongano huo mmoja tu. Zilipogonga lithiamu floridi, ambayo ni ndugu wa chumvi yako, karibu hazikushuka.

Kesho ukienda shambani kwa baba, chukua punje kubwa ya chumvi iliyojiunda yenyewe majini, uiangalie kwa kioo cha kukuzia. Utauona mchemraba, na ubavu wake umenyooka. Chang na Ewing walizilaza molekuli zao juu ya ubavu wa namna hiyo hiyo, isipokuwa wao waliweka katika ombwe, pasipo hewa wala unyevu. Msalimie baba.