Maswali ya Waandishi: Mama wa Kambo, Sadfa na Ndoto

Mwalimu, shikamoo. Riwaya yangu ina mama wa kambo katili wa Mji wa Kale. Rafiki yangu amesema ni mhusika bapa, yaani wa sifa moja tu isiyobadilika. Nimtoe?

Marahaba, mwanangu. Usimtoe. Mgawanyo wa wahusika bapa na duara, yaani wenye sifa nyingi na wanaoweza kutushangaza, tumeupata kwa mwandishi Mwingereza E. M. Forster, aliyeueleza mwaka 1927, naye hakusema bapa ni kosa. Fisi wa ngano zetu ni mlafi mwanzo hadi mwisho, na watoto humtaka hivyo hivyo. Ila Fisi hukaa nasi usiku mmoja. Mama huyu yumo katika kila sura, na ubaya mtupu hauwezi kubeba kitabu kizima. Mtafutie hofu yake. Anamnyima mtoto chakula kwa nini? Labda unga uliobaki ni wa mahamri anayouza alfajiri, na mumewe baharia hajaleta pesa kwa miezi minne sasa. Kisha usiku mmoja mtoto ashikwe na homa, mama amfunike kwa leso yake mwenyewe, na asubuhi akane. Hapo nitamchukia huku moyo ukiniuma, na nitafungua ukurasa unaofuata.

Shujaa wangu anamtafuta babake miaka kumi. Sura ya mwisho wanakutana ghafla kwenye feri ya Likoni, Mombasa. Nimeambiwa sadfa hiyo haiaminiki.

Mahali panaaminika sana. Nani kati yetu hajakutana pale na mtu aliyepoteana naye? Ulipokosea ni wakati. Sadfa inayomtia mhusika mashakani tunaipokea; inayomtoa mashakani hutufanya tuhisi tumepunjwa, kwa sababu miaka kumi ya kuhangaika haikumsaidia chochote. Ipeleke sura ya kwanza. Amwone mzee ng'ambo ya umati, feri itie gati, watu wamwagike, kofia ya mzee ipotee kati ya mamia ya kofia. Sasa ana sababu ya kutafuta.

Nimemwita tajiri mchoyo Bwana Mkonowabirika. Ni majazi mazuri, yaani jina linalobeba tabia ya mhusika?

Kwa kichekesho, ndiyo. Kwa riwaya nzito umeshatoboa siri yake kabla hajafungua mdomo.

Naweza kumalizia na "kumbe ilikuwa ndoto"?

Hapana, ndugu yangu. Nimemlilia mhusika wako, usiniambie hakufa. Ndoto iweke mapema, iwe dokezo: aote maji yakiingia chumbani, na sisi tuanze kuiogopa safari yake ya baharini.