Ile mishumaa minne

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwa simu kama ni lazima ununue lile taji la Majilio, la zile Jumapili nne za kungojea Krismasi, uliloliona dukani, na kama mtoto wa miaka minne ataelewa chochote. Nilikuwa kwenye foleni ya matatu pale Muthurwa, nikakujibu mbio mbio. Sasa nimetulia.

Usinunue. Letu lilikuwa sinia ya bati, matawi ya msaiprasi ambayo baba yako aliomba kwa jirani aliyekuwa akikata ua, na mishumaa minne ya kawaida. Hata la kwanza halikutoka dukani. Mchungaji wa Kilutheri, Johann Wichern, alikuwa akilea watoto maskini huko Hamburg. Inasimuliwa kwamba walimchosha kwa kumuuliza Krismasi ni lini, ndipo mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akalisimamishia mishumaa: mikubwa ya Jumapili, midogo ya siku za kati. Mwanao naye si atauliza hivyo hivyo?

Rangi zisikusumbue. Mitatu huwa ya zambarau na mmoja wa waridi, ule wa Dominika, yaani Jumapili, ya tatu, Gaudete, maana yake furahini. Mimi nilifunga vitambaa tu. Cha waridi kilitoka kwenye rinda lako lililokubana.

Jambo ninalosisitiza ni giza. Jumapili jioni zima taa, zima televisheni, simu ya mume wako pia. Kaeni kidogo hivyo hivyo. Giza mtoto wa miaka minne analijua vizuri kukuliko. Kisha washa mshumaa mmoja, msome Isaya sura ya 9, pale watu waliotembea gizani wanapoona nuru, mwimbe ubeti mmoja, basi. Wiki ya pili miwili. Ila uifiche mishumaa hiyo. Kuna mwaka stima ilipotea siku tatu, tukaipikia na kuogea, na Dominika ya nne tukawasha vipande vya urefu wa kidole.

Angalia kalenda pia. Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, kwa hiyo urefu hubadilika. Mwaka 2023 ulinipigia ukidhani umeruka wiki, kumbe Dominika ya nne ilikuwa tarehe 24 yenyewe, Majilio yote siku 22.

Halafu kuna hori. Boksi la viatu, tupu. Mtoto akitenda wema bila kutumwa, anaweka unyasi mmoja mkavu, ili Yesu apate pa kulala. Kaka yako alileta konzi nzima siku moja, akasema amekuwa mwema tangu asubuhi. Tulimwachia mmoja.

Kuhusu mti kupambwa tarehe 1 Desemba, sitaingilia nyumba ya watu. Mimi ningengoja.

Najua Dominika ya nne huenda mkawa mmeshafika ushago kwa wakwe. Beba mshumaa na hori, havina uzito. Kisanamu cha Kitoto Yesu kikae kwenye mkoba wako, kisionekane kabla ya usiku wa tarehe 24. Wewe ulikipata nyuma ya mkebe wa sukari ukiwa darasa la pili, ukakirudisha, ukanyamaza. Nilikuwa mlangoni.

Mamako