Jibu: Uvimbe uko tumboni, mbona wanataka kupima uboho?

Wa aleikum salaam dada. Umeuliza kwa nini mwanao mwenye nyuroblastoma (saratani ya watoto inayoanzia kwenye seli changa za neva) juu ya figo atobolewe mfupa wa nyonga kupimwa uboho, yaani ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, na kwa nini usiku analia miguu.

Nauguza watoto hapa Malindi, na akina mama wengi huniuliza hilohilo. Kwanza mtazame macho. Ukiona weusi kama wa kupigwa kuyazunguka, na hajaanguka, mwambie daktari leo leo; huenda saratani imefika kwenye mifupa ya hapo.

Saratani hii huhamia sana kwenye uboho na mifupa, na ikifika huko huwa kama mpangaji anayewatumikisha wenye nyumba. Seli zake huzichochea seli za uboho zitoe protini iitwayo interlukini-6. Protini hiyo huzisaidia seli za saratani kuishi na kustahimili dawa, tena huziamsha seli zinazobomoa mfupa. Maumivu ya miguu mara nyingi hutoka hapo. Damu nayo hupungua, maana mahali inapotengenezwa pamebanwa.

Kwa hiyo nakusihi, usikikatae kipimo. Uboho huchukuliwa kwenye nyonga zote mbili kwa sababu upande mmoja unaweza kuonekana safi na mwingine la. Uliza atapewa dawa gani ya kumlaza au kufisha ganzi; ni haki yako kujua.

Hukutaja umri wake. Akiwa chini ya miezi 12 na daktari akasema mngoje kwanza, usidhani amemtupa: kwa baadhi ya wachanga uvimbe huu hunywea wenyewe, hata ukiwa umeshaenea.