Kumuaga msimamizi kwa Kijapani

SWALI: Nipo Nagoya, nafanya mafunzo ya ufundi kiwandani. Jioni nikitoka huwaaga wenzangu kwa "sayonara", kama nilivyojifunza nyumbani. Wanaitikia, ila kwa kusitasita. Juzi nikamwambia msimamizi "gokurosama", neno ambalo yeye huniambia kila siku, akanyamaza. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, maneno yote mawili ni sahihi, ila umeyapeleka pasipo pake. Ninapofundisha Kijapani, hapa ndipo ninapokaa na wanafunzi muda mrefu kuliko kwenye sarufi.

"Sayonara" imetokana na "sayo naraba", yaani "ikiwa ni hivyo". Ina uzito wa kuachana. Watoto humuaga mwalimu wao hivyo shuleni, lakini watu wazima watakaoonana kesho asubuhi kazini hawaagani hivyo. Wewe unayetangulia kutoka sema "osaki ni shitsurei shimasu": samahani, nawatangulia. Usiitamke huku unatembea. Simama mlangoni, wageukie waliobaki, sema, kisha inama kidogo. Watakujibu "otsukaresama deshita", ambayo kwangu ni pacha wa "pole na kazi" yetu.

"Gokurosama" nayo ni pole ya kazi, lakini huteremka tu, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Ifikirie kama marahaba: babu anakuitikia kwayo kila siku, lakini wewe huwezi kumwanzia babu kwa marahaba. Kesho mwambie msimamizi "otsukaresama desu" na yatakwisha. Anajua kwamba unajifunza.

Ukipangiwa zamu ya usiku, usishangae kusikia "ohayo gozaimasu" jua likiwa limeshazama. Asili yake ni neno la "mapema", na ndiyo salamu ya asubuhi, lakini kwenye mikahawa, majukwaa ya sanaa na sehemu nyingine za zamu huwa salamu ya kuanza kazi, saa yoyote.

Na kama mnaishi bweni moja, jifunze hizi leo hii. Anayetoka husema "ittekimasu", naenda na nitarudi; anayebaki humjibu "itterasshai", nenda urudi. Ukirudi, sema "tadaima", yaani nimerudi, wakati unavua viatu mlangoni, hata kama hujaona mtu. Mara nyingi "okaeri", yaani karibu nyumbani, itakujia kutoka jikoni.