Nyatiti na Gitaa la Benga katika Studio Moja

SWALI: Mhariri, mimi hupiga gitaa la benga, muziki wa dansi uliochipuka kwa Waluo. Nimealikwa studio iliyoko River Road, Nairobi, pamoja na mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo, na kijana wa kufokafoka, tutunge papo kwa papo. Tuanzie wapi?
Msomaji, Kariobangi

JIBU: Anzeni na nyatiti. Nyuzi zake 8 hukazwa kufuata sauti ya mwimbaji, ilhali vyuma vya shingoni mwa gitaa lako vimekwisha kugawa kila ngazi ya sauti (oktavo) katika hatua ndogo (nusutoni) 12 zilizo sawa. Kwa hiyo wewe ndiwe utakayelegeza au kukaza nyuzi hadi mwafikiane, na huo si unyonge hata kidogo, maana gitaa la benga limejifunza mengi kwa nyatiti. Mwombeni fundi mitambo awarekodi tangu mnapojaribu ala, kila moja na maikrofoni yake, kwa kuwa kipande kizuri mara nyingi huzuka kabla hamjajua kuwa mmeanza. Mfokaji naye asubiri mpaka aisikie vyema pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu ikigonga nyatiti, kwani mpigo wa kuufuata ni huo.

Kuhusu haki, andikeni mgao na mtie saini kabla ya kutoka studioni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua kazi ya watunzi wa pamoja.